Shikamoo Isiyoitikiwa

Kazi yangu ni kukaa nyuma ya kioo. Kioo chenyewe kina tundu la mviringo usawa wa mdomo na uwazi mdogo chini wa kupitishia karatasi, na juu yake pamebandikwa maandishi: Huduma kwa Wateja. Ni ofisi ya maji hapa Singida mjini, na huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye kiti hicho. Anayetaka kuvutiwa maji nyumbani anaanza kwangu, na ambaye maji yamemkatikia anaishia kwangu. Sijawahi kushika spana. Lakini bomba likipasuka popote pale mjini, mimi ndiye ninayeulizwa kwa nini nimelipasua.

Mtu akikaa mahali kama pale muda mrefu, anajifunza kusikia bila kusikia. Anayegonga kioo kwa funguo, ninamjua. Anayezungumza na simu huku akinisukumia karatasi bila kunitazama, ninamjua. Wapo wanaoniita "wewe" na wapo wanaoniita "nyie", kana kwamba niko wengi. Jioni navua mtandio, nanawa uso, yanaisha. Nilidhani hivyo mpaka kiangazi kimoja, miaka michache iliyopita, pampu ya kisima kimoja ilipoungua.

Ilikuwa ule mwezi ambao upepo wa Singida unavuma tangu asubuhi na vumbi linaingia mpaka kwenye droo. Mitaa ya upande wa ziwani ikakosa maji kabisa. Mafundi walihangaika siku nne, wakafunga pampu nyingine, maji yakarudi. Sisi wa ofisini tukapumua. Siku ya kumi na moja, foleni ilikuwa na watu sita au saba hivi, akaingia mzee mmoja mrefu, amevaa koti la suti lililochakaa mabegani, mkononi ana dumu tupu la njano. Hakupanga foleni. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye kioo.

Nilimtambua kabla hajafika.

Kwetu ni Ilongero. Nilipokuwa na miaka sita niliangukiwa na sufuria la uji wa moto, paja lote la kushoto likababuka. Mama alinibeba mgongoni mpaka zahanati. Mganga wa zahanati ile alikuwa mtu wa Mungaa, upande mwingine wa mkoa wetu, aliyeletwa kwetu na serikali, na kijiji kizima kilimwita daktari. Aliniosha kidonda kile kila asubuhi, mwezi mzima. Simkumbuki sana kwa dawa zake. Ninachokumbuka ni kwamba mama alipoingia, akiwa na kanga yake iliyofifia na miguu yenye vumbi, yule bwana aliinuka kutoka kwenye kiti chake na kusema, "Karibu mama, kaa hapa." Hakuna mtu mwenye ofisi aliyewahi kusimama kwa ajili ya mama yangu. Tukiwa njiani kurudi nyumbani alikuwa akilirudia jambo hilo kwa Kinyaturu, peke yake, kama mtu anayehesabu ng'ombe wake.

Sasa alikuwa mbele yangu, amezeeka, macho mekundu. Nikasimama. Nikasema, "Shikamoo, mzee."

Hakuitikia.

Kwa mtu wa mbali labda si jambo kubwa. Lakini kwetu huku, mdogo akimwamkia mkubwa, mkubwa huitikia hata kama wana ugomvi, hata kama yuko msibani, hata kama anaumwa hawezi kuinua kichwa. Nilidhani hakusikia. Nikainama kwenye lile tundu nikarudia, "Shikamoo, baba."

Aliliweka dumu kwenye kaunta kwa kishindo. "Sikuja hapa kusalimiwa," alisema. "Nimekuja kuuliza maji yangu yako wapi. Siku kumi na moja! Jirani yangu anamwagilia mchicha, mimi sina la kunywa. Kila nikija mnaandika. Mnaandika nini? Hata kusoma mnajua? Mnaokotwa huko vijijini, hamkufaulu chochote, mnakuja kupewa viti hapa ili mtujibu upuuzi."

"Pole sana, mzee. Naomba namba ya mita niangalie..."

"Pole yako peleka kwenu."

Nyuma yake mtu mmoja alicheka. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasema kwa sauti, "Mwambie, mzee! Wamezidi hawa!" Nakiri kwamba kicheko kile kiliniuma kuliko maneno. Mzee alikuwa na hasira yake, lakini wale wengine walikuwa wanajifurahisha tu.

Hakuna chumba cha mimi kwenda kujificha. Kiti changu kiko mbele ya watu. Nilikaa, nikachukua kalamu, nikamwandika kwenye daftari la malalamiko. Aliitaja namba ya mita kwa kufoka, akachukua dumu lake, akatoka. Nikamwita aliyefuata. Ilikuwa zamu ya yule mama mwenye mtoto. Nikamhudumia, na nikamuuliza mtoto ana miezi mingapi, kwa sababu huwa nawauliza.

Mchana watu walipopungua nilifungua daftari kurasa za nyuma, nikitafuta namba ile ya mita. Nataka kuwa mkweli: nilikuwa natafuta sababu ya kumchukia vizuri. Nilitaka nione kwamba hajawahi kuleta malalamiko, kwamba amekuja kututukana tu. Nikaiona mara tatu. Mara ya kwanza mwandiko wa mwenzangu wa zamu nyingine. Mara ya pili mwenzangu huyohuyo. Mara ya tatu, kwa simu, siku tatu nyuma, mwandiko ulikuwa wangu. Pembeni nilikuwa nimeandika maneno tunayoandika siku zote: linafanyiwa kazi.

Hakuna aliyelifanyia kazi. Nilikuwa nimepokea simu yake, nimemwambia "tunalifanyia kazi mzee wangu" kwa ile sauti tamu tuliyofundishwa, nikakata, nikaendelea na mwingine. Sikuijua sauti yake kwenye simu. Wala sikujiuliza kwa nini nyumba moja ikose maji wakati mtaa mzima umeshapata.

Siku hiyo niliwakasirikia watu wawili, yeye na mimi, na sikujua nianze na nani.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nilimfuata fundi wetu mmoja, mtu wa makamo asiyependa maneno, nikamwonesha zile kurasa. Alisoma, akakuna shingo. "Huyu atakuwa kwenye lile tawi la bomba tulilolifunga siku ya pampu," alisema. "Kuna koki pale chini ya mfuniko. Sina uhakika kama tuliifungua."

"Twende wote," nikamwambia.

"Wewe uende kufanya nini? Jana si alikutukana mbele ya watu? Habari zimenifikia."

"Twende tu."

Nilipanda nyuma ya pikipiki yake. Sikuwa na hotuba kichwani. Nadhani nilitaka anione nikiwa nimesimama nje ya kile kioo, mtu mzima mwenye miguu.

Nyumba ilikuwa ndogo, ya matofali ya kuchoma, na nyuma yake kuna mawe makubwa kama yalivyo mawe ya kwetu kila mahali. Mlango ulikuwa wazi. Uani mzee alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni, amekunja mikono ya shati, anafua shuka. Maji ya beseni yalikuwa meusi, na kando kulikuwa na ndoo ambamo alikuwa ameyakinga maji ya kusuuzia ili ayatumie tena. Dumu la njano lilikuwa limelala pembeni. Alituona, akasimama kwa shida, mikono inachuruzika.

Fundi alimwamkia, na yeye akamwitikia. Kisha akanitazama mimi, na nikaona amenijua kuwa ni yule wa kwenye kioo. Sikumwamkia. Nilifungua mdomo na salamu haikutoka. Katika maisha yangu yote sijawahi kumpita mtu wa umri ule bila kumwamkia, na siku ile nilisimama uani kwake nikiwa kimya kama mtu asiyelelewa.

Sauti ikatoka ndani. "Nani huko?"

"Watu wa maji," mzee akajibu.

"Si uwakaribishe?"

Mkewe alikuwa amelala kwenye kitanda karibu na dirisha. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kulia tangu mwaka uliotangulia, hajiwezi kwa lolote. Huyo nilimwamkia, akaitikia kwa upande mmoja wa mdomo. Chumba kilikuwa kisafi kwa kadiri kinavyoweza kuwa kisafi chumba cha mgonjwa kisicho na maji. Alinitazama muda mrefu, kisha akaniuliza kwa Kinyaturu mimi ni wa nani. Nikamtajia mama yangu na kitongoji chetu kule Ilongero.

Uso wake ukachangamka. "Aliyekuwa analeta uwele!" alisema. "Mama yako kila akivuna alituletea kikapu cha uwele. Nikamwambia acha, una watoto. Akasema, mumeo alimponya binti yangu." Akavuta pumzi. "Ndiye wewe? Wa kuungua?"

"Ndiye mimi."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni na amesikia yote. Sikumtazama. Nje, nilisikia fundi akigonga mfuniko wa chuma.

Koki ilikuwa imefungwa. Walikuwa wameisahau, basi. Ilimchukua fundi muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai. Bomba la uani likaanza kukohoa upepo, likatema maji ya rangi ya udongo, likatulia, kisha yakaja meupe. Mzee alisimama akiyatazama yanamwagika chini bila kukinga. Mimi ndiye niliyesogeza ndoo. Fundi alimwomba radhi kwa niaba ya ofisi, kwa maneno manne au matano, akasema ana kazi nyingine mtaa wa pili, atanipitia.

Tukabaki wawili, ndoo inajaa.

"Leo hukuniamkia," mzee alisema.

"Nilikuamkia jana, mzee. Ofisini. Mara mbili."

Alifunga bomba. Akakaa kwenye kigoda, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Ndiyo," alisema. "Uliniamkia. Nilisikia."

Sikutaka kumsaidia.

"Miaka mingi nimekaa dirishani kama wewe," akaendelea. "Lile la zahanati unalikumbuka? La mbao. Dawa zilikuwa zinakuja kwa mgao, zinaisha kabla ya mwezi kwisha. Mtu ametembea kutoka mbali na mtoto ana homa, nami namwambia dawa hakuna. Atamtukana nani? Anayegawa dawa yuko mbali, haonekani. Nipo mimi. Siku moja mwanamume mmoja alinitemea mate kifuani. Nilikwenda stoo, nikasimama nimetazamana na makopo matupu mpaka nikaweza kurudi. Nikarudi nikamwandikia mwenzake aliyefuata." Alinitazama. "Kwa hiyo jana nilijua ninachokufanyia. Wale waliocheka huenda hawakujua. Mimi nilijua. Siwezi kukuambia ilikuwa bahati mbaya."

"Ulikuwa umechoka, mzee. Na kosa lilikuwa letu."

"Kosa la maji ni lenu," alisema. "Hilo lingine ni langu. Usinichanganyie."

Mpaka leo sijapata mtu mwingine aliyewahi kuliweka namna ile. Wengi wakija kutaka radhi, na si wengi, huanza na shida zao: nilikuwa nimefiwa, nilikuwa na njaa, na nyie nanyi mmezidi. Yeye alikuwa na mke asiyeweza kugeuka kitandani na shuka za kufua kila siku bila maji, na hakuitumia hata moja ya shida hizo.

Mimi nami nikamwambia la kwangu. Nikamwambia kwamba mwandiko wa mara ya tatu ni wangu, kwamba nilimwambia kwenye simu tunalifanyia kazi na sikufanya chochote. Alitikisa kichwa taratibu. "Nilijua ni uongo," alisema, "kwa jinsi ulivyoupamba."

Halafu akasimama, mtu mzima yule, akalinyoosha shati lake lililolowa.

"Marahaba," alisema. "Hiyo ni ya jana. Zote mbili."

Machozi yalinijia, na sikupenda ayaone, nikaingia kumuaga mkewe. Alikuwa anataka kunywa. Nilimnyanyua kichwa, nikamnywesha yale maji mapya, akanywa kikombe kizima.

Sitasema kuwa tulikuwa kama ndugu tangu hapo. Nilipita pale mara chache, nikitoka kazini, nikakaa na mkewe kidogo ili mzee aende dukani. Ofisini nilijiwekea utaratibu. Siku ya tatu baada ya kuandika malalamiko, nawapigia mafundi mwenyewe kuuliza. Mkuu wetu alipoona, aliwaagiza na wenzangu wafanye hivyo, wakaninunia wiki mbili. Watu waliendelea kugonga kioo kwa funguo. Kuna waliotukana wakiwa na haki ya kulalamika na kuna waliotukana bila sababu, na matusi yao yalifanana.

Miezi ilipita, mvua zikaja zikakatika, alizeti zikavunwa. Asubuhi moja simu ya mezani iliita, nikaipokea kwa maneno yetu ya siku zote, nikamuuliza mpigaji nimsaidie nini.

"Ni mimi," sauti ilisema. Safari hii niliijua. "Sipigi kwa ajili ya maji."

Nikaweka kalamu chini.

"Mama yenu ametutoka alfajiri. Sina namba yako ya mkononi. Nikaona nipige hapo."

Nilimwambia pole. Ni neno ninalolitamka zaidi ya mara hamsini kwa siku, na nilipolisema nililiona jinsi lilivyochakaa mdomoni mwangu. Sikuwa na lingine. Alisema asante, akanieleza kwamba wanampeleka Mungaa, mazishi kesho mchana. Mbele yangu foleni ilikuwa inaita, mtu anasema, "Dada, tuhudumie, hizo simu za nyumbani upige nyumbani." Nikaweka simu chini, nikamhudumia.

Kesho yake niliomba ruhusa. Stendi, gari la asubuhi la kwenda huko lilikuwa limechelewa, na kila nilipomuuliza yule binti mkata tiketi aliniambia linakuja. Nilipouliza mara ya tatu nilisikia sauti yangu ikipanda. "Linakuja, linakuja, hujui neno lingine?" Watu wakageuka. Yule binti alishusha macho kwenye kitabu chake cha tiketi, akawa anakipangapanga bila sababu. Ninaijua kazi ile ya kupanga kisichohitaji kupangwa. Nilisimama pale na nguo zangu za msibani nikiwa nimeona aibu mpaka masikioni. Nikamsogelea, nikamwambia, "Mdogo wangu, nimekosa. Gari si lako." Alisema, "Haina shida, dada," kwa sauti isiyo na kitu ndani, sauti ninayoitumia mimi. Sikumwambia kuhusu msiba.

Niliwahi mazishi. Watu walikuwa wengi, Wakristo na Waislamu, maana marehemu alikuwa ameishi na wengi. Mzee alikuwa amekaa katikati ya wanaume kwenye mkeka, amevaa lile koti, ananitazama bila kuniona. Sikumwendea. Nilizunguka nyuma, penye moshi, kwa akina mama waliokuwa wakiosha mboga na kusonga ugali wa waombolezaji.

Mama mmoja mnene, aliyeonekana ndiye anayeongoza mapishi, akaniuliza, "Na wewe mwenzetu, marehemu ni nani wako?"

Nikafikiri. Si ndugu, si jirani, si wa kanisa lake.

"Nafanya kazi ofisi ya maji," nikasema. "Kule mjini. Wale wa dirishani."

Walitazamana. Mmoja akauliza kama ndio sisi tunaowakatia watu maji. Nikasema ndiyo, ndio sisi. Wakacheka kidogo, kicheko cha chini cha msibani kisicho na ubaya, na yule mnene akasogea akanipa nafasi kwenye mkeka, akanitengea beseni la mchicha na kisu. Nikavua mtandio, nikaufunga kiunoni, nikaanza kukata.